Baraza la Mbao

Baraza mnalijua. Jioni, kazi ikiisha, baba huketi barazani; mgeni hupokewa barazani; mtoto hufanya masomo yake barazani mpaka giza liingie. Lakini baraza mnalolijua ninyi ni la udongo au la simenti. Limekaa chini, limeshikamana na ardhi, na mtu akianguka kutoka huko ataumia goti, basi.

Huko Marekani kuna baraza la namna nyingine. Liko nyuma ya nyumba, limesimama juu ya nguzo, na sakafu yake ni mbao tupu. Halina paa. Katika miezi ya joto watu hula pale, huchoma nyama pale, na watoto hucheza pale. Katika miezi ya baridi theluji hulifunika, pengine mpaka magotini. Na kama nyumba imejengwa mtelemkoni, baraza la nyuma huwa juu kuliko kichwa cha mtu. Anayeanguka kutoka huko haumii goti tu.

Habari hii ni ya baraza moja la namna hiyo. Liko katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, kwenye mpaka wa Kanada. Watu wengi wa Kongo wamekwenda kukaa katika jimbo hilo, na mwenye nyumba hii alikuwa mtu wa Uvira. Alifanya kazi ya usiku katika ghala kwa miaka mingi, mkewe akatunza wazee katika nyumba za watu, wakaweka fedha kidogo kidogo, wakanunua nyumba. Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1997, na baraza lake vile vile. Mama wa mwenye nyumba, ambaye wajukuu humwita Bibi, alikaa pamoja nao.

Mwezi wa nne, theluji ilipokwisha kuyeyuka, Bibi alitoka kwenda kutazama mahali pa kupanda lengalenga. Alipofika katikati ya baraza, ubao ulivunjika chini yake pole pole, bila sauti, kama biskuti iliyolowa, na mguu wake ukazama mpaka kwenye kifundo. Hakuumia. Aliutoa mguu, akarudi ndani, akasema: "Mwanangu, baraza lako limeanza kula watu."

Ubao ukiisha hivyo Uvira au Kalemie, watu husema mara moja: ni mchwa. Huko Maine baridi ni kali, na adui mkuu wa mbao si mchwa. Ni kuvu, kiumbe kidogo cha jamii ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, hupeperuka hewani kila mahali, wala hakuna awezaye kuzizuia. Lakini kuvu haiwezi kula mti mkavu. Yahitaji maji. Ubao unaokauka upesi baada ya mvua hauna hatari. Ubao unaokaa umelowa siku nyingi, kuvu huamka ndani yake na kuanza kula. Hula kile kinachoupa mti nguvu, na kuacha vipande vya rangi ya kahawia vilivyopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Basi uozo hauanzi mahali jua na upepo vinapofika. Huanza mahali maji yanapojificha: kandokando ya msumari, kwenye ncha iliyokatwa, na hasa pale mti unapogusana na mti. Bibi alikuwa amekanyaga hapo hasa ambapo ncha za mbao mbili zilikutana.

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuchoka na mbao hizo. Kila mwaka wa pili alizisugua na kuzipaka mafuta, na kila mara zilipasuka tena na kuwachoma watoto vibanzi miguuni. Kwa majirani alikuwa ameona mbao za namna mpya, zisizopakwa kitu wala kutoa vibanzi. Hizo huitwa mbao za mchanganyiko. Viwandani huchukua unga wa mti, takataka ya misumeno, na plastiki kuukuu, kama mifuko ya dukani na karatasi za plastiki za kufungia mizigo. Huvichanganya, huviyeyusha kwa joto, kisha huvisukuma kwa nguvu katika tundu la chuma, vikatoka upande wa pili ubao mrefu usiokatika, kama nyama itokavyo katika mashine ya kusagia. Kazi hiyo ilienea Marekani katika miaka ya 1990. Trex, mojawapo ya kampuni za kwanza, ilianzishwa mwaka 1996, na makao yake yako katika jimbo la Virginia. Mbao za kwanza za namna hii hazikuwa nzuri sana. Nyingi zilipauka na kushikwa na ukungu mweusi, kwani unga wa mti ulioko ndani ulikuwa bado wapata maji. Tangu mwaka 2010 hivi viwanda vimeanza kuuvika ubao ganda la plastiki ngumu, kama embe lilivyovikwa ngozi yake, na mbao hizo zimeonekana kuwa bora. Wauzaji hutoa ahadi ya miaka 25 na zaidi. Lakini bei ni kubwa, pengine mara mbili au tatu ya bei ya mbao za msonobari.

Mtu aweza kucheka: mti uliosagwa, ukachanganywa na mifuko mikuukuu, kisha ukauzwa ghali kuliko mti mzima! Aliyekwisha kutoa kibanzi katika mguu wa mtoto usiku, kwa sindano na taa, hacheki.

Basi mwenye nyumba alifanya hesabu. Fedha aliyokuwa ameiweka ilitosha mbao za mchanganyiko za baraza lote, mita 3.6 kwa mita 4.8. Na haraka ilikuwapo, kwani mwezi wa sita binti yake wa kwanza angemaliza shule ya sekondari, na watu arobaini walikuwa wamealikwa. Akamwita shemeji yake, ndugu wa mkewe, mtu wa mikono myepesi aliyejua nyundo na msumeno.

Shemeji alitembea juu ya baraza huku na huku, akaruka tundu la Bibi, akasema: "Shemeji, hii ni kazi ya siku mbili. Tunang'oa mbao za juu, tunapiga mpya. Wageni wakifika watakuta sakafu inang'aa."

"Na huko chini?"

"Huko chini nani anaona?"

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Baba yake alikuwa fundi wa mashua kwenye Ziwa Tanganyika, na ingawa yeye mwenyewe hakushika randa hata siku moja, masikio yake yalikua katika karakana. Akasema bila kuinua macho: "Babu yenu alipotaka kununua mashua kuukuu hakutazama rangi yake. Alichukua kisu, akaingia ndani, akachomachoma kwenye maungio. Mwenye mashua alikasirika. Babu yenu akasema: Ukikasirika, basi nimekwisha kujua."

Shemeji alicheka. Mwenye nyumba hakucheka. Alichukua taa na bisibisi, akashuka chini ya baraza.

Ili kufahamu aliyoyaona huko, yafaa kujua kwanza jinsi baraza la namna hii linavyosimama. Upande mmoja huegemea nyumba, upande wa pili husimama juu ya nguzo. Kwenye ukuta wa nyumba hufungwa ubao mnene, mrefu sawa na baraza lenyewe. Huo ni ubao wa ukutani. Upande wa mbele, juu ya nguzo, hulazwa mhimili. Kisha boriti hutoka kwenye ubao wa ukutani mpaka kwenye mhimili, zikipangwa sambamba kama mbavu za ng'ombe. Juu ya mbavu hizo ndipo hupigiliwa mbao za sakafu. Mgeni huona sakafu, na huisifu sakafu. Lakini karibu nusu ya uzito wa wageni wote imening'inia kwenye ule ubao mmoja wa ukutani, ambao hakuna anayeutazama.

Alianza na nguzo. Moja ilikuwa imeinama kidogo, kama mtu mwenye mguu mbovu. Sababu yake ilikuwa ardhini. Katika baridi ya Maine udongo huganda kuwa mgumu kama jiwe, na maji yaliyomo, yakigeuka barafu, huvimba na kuinua kila kilicho juu yake. Ndiyo sababu msingi wa nguzo lazima ushuke chini kupita mahali baridi inapofika, mita 1.2 na pengine zaidi. Aliyejenga baraza hili alikuwa amechimba nusu mita tu. Kila mwaka barafu iliiinua ile nguzo, na kila mwaka nguzo ilirudi chini, lakini si mahali pake palepale.

Kisha alipima nafasi kati ya boriti na boriti: sentimita 60. Mbao za zamani zilikuwa nene, karibu sentimita 4, ziliweza kuvuka nafasi hiyo. Ubao wa mchanganyiko una unene wa sentimita 2.5 tu, wala si mgumu kama mti, na jua likiwa kali huzidi kulegea. Wenye viwanda wenyewe huagiza boriti zisiachane zaidi ya sentimita 40. Sakafu ya Shemeji ingalikuwa kama kitanda cha kamba.

Mwisho alifika ukutani. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye ubao, pale chini ya mlango, akaisukuma kwa kidole gumba tu. Iliingia mpaka kwenye mpini. Alijaribu mkono mmoja pembeni: vile vile. Akaenda mpaka mwisho wa ukuta, akahesabu mashimo tisa.

Kesho yake alimwita jirani, mzee Mmarekani aliyekuwa seremala maisha yake yote na sasa amepumzika. Wakang'oa pamoja kipande cha ubao wa ukutani. Nyuma yake hapakuwa na bati la kuzuia maji. Miaka yote hiyo, kila mvua na kila theluji iliyoyeyuka ilikuwa imeteremka kati ya ubao na nyumba, na kukaa humo. Boriti ya ukingo wa nyumba yenyewe ilikuwa imeoza urefu wa mita moja na nusu. Mzee aliimega kwa vidole, ikaanguka kama tumbaku. Na ubao wote ulikuwa umeshikwa kwa misumari mitupu, bila buloni hata moja. Mzee akachomoa msumari mmoja kwa mkono, akampa mwenye nyumba. "Msumari huzuia ubao usiteremke," alisema. "Ukivutwa kwenda mbele, hauzuii kitu."

Je, baraza linavutwa kwenda mbele? Ndiyo. Watu wakicheza ngoma, wakiegemea ukingo wote pamoja kupiga picha, linavutwa. Msumari hutoka pole pole mwaka hata mwaka, na siku moja hutoka wote. Wajuzi wa kazi hii wasema kwamba baraza la mbao likianguka, mara nyingi kosa liko hapo, penye ukuta.

Tarehe 16 Juni 2015, usiku, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, vijana walikusanyika katika nyumba ya ghorofa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Wengi wao walikuwa wanafunzi kutoka Ireland, waliokuja Marekani kufanya kazi wakati wa likizo. Walikuwa 13 barazani, juu sana. Boriti zilizotoka ukutani zikakatika. Vijana sita wakafa, saba wakaumia vibaya. Jengo lile halikuwa la zamani, lilikuwa limemalizika mwaka 2007. Lakini maji yalikuwa yameingia na kunaswa ndani, na boriti zilikuwa zimeoza chini ya sakafu iliyoonekana nzima. Mwaka 2018 jimbo la California lilitunga sheria kwamba mabaraza ya namna hiyo, katika nyumba za kupangisha za watu wengi, yakaguliwe kila miaka sita. Habari hiyo mzee jirani aliikumbuka vizuri, akamsimulia mwenye nyumba wakiwa bado wameinama chini ya baraza.

Jioni hiyo palikuwa na maneno mezani. Fedha ilitosha mbao za juu, au ilitosha mifupa mipya. Haikutosha vyote viwili.

"Tuiweke misumari mingine mingi kwenye ubao ule," alisema Shemeji. "Tuivumilie sherehe ipite. Mwakani tutafanya vizuri."

"Misumari tutaipigilia wapi?" aliuliza mwenye nyumba. "Katika unga?"

"Na wageni arobaini tutawaweka wapi?"

"Kwenye majani."

Shemeji aliona haya kwa ajili ya dada yake. Kumaliza shule katika nchi ya watu si jambo dogo, na mtu hutaka ndugu zake waketi mahali pazuri. Mawazo hayo si ya kudharau. Lakini dada yake mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno. "Baba watoto," alisema, "kwani lazima baraza liwe kubwa hivi? Mita moja na zaidi ya upande ule haikaliwi na mtu. Tunaweka ndoo tu. Likate."

Hakuna aliyewaza hivyo. Wakafanya hesabu upya: mita 3.6 kwa mita 3.6. Boriti kumi badala ya kumi na tatu, mbao fupi zaidi, ukingo mfupi zaidi. Fedha ilikaribia kutosha. Pengo lililobaki walilijaza kwa kuweka ukingo wa msonobari badala ya ule wa alumini walioutamani.

Kazi ilianza mwezi wa tano. Kwanza walikwenda kuomba kibali katika ofisi ya mji, kwani huko mtu hajengi baraza la juu kwa kupenda kwake. Kisha walipiga simu namba 811. Huko Marekani, kabla ya kuchimba shimo, mtu hupiga namba hiyo, bila malipo, na baada ya siku chache watumishi huja kupaka rangi juu ya majani mahali nyaya za umeme na mabomba ya gesi yanapopita chini. Walipaka mstari mwekundu mita mbili kutoka shimo la tatu. Shemeji aliutazama mstari ule, akanyamaza kidogo, akachukua beleshi.

Kuchimba kulikuwa kazi ya jasho. Udongo wa Maine umejaa mawe yaliyoachwa na barafu za zamani, na kila beleshi la nne lilipiga jiwe. Siku tatu kwa mashimo matatu. Mkaguzi wa mji alikuja, akateremsha kipimo chake katika kila shimo, akatia sahihi. Ndipo wakamimina simenti. Boriti ya nyumba iliyooza waliikata wakaweka nzima, mzee jirani akisimamia, na hiyo ndiyo sehemu iliyokula siku nyingi, kwani ilikuwa lazima kwanza kuitegemeza nyumba isishuke hata nywele moja. Kisha ubao mpya wa ukutani, na juu yake ukanda wa bati uliokunjwa, ukiingia nyuma ya ukuta wa nje na kushuka mbele ya ubao, ili maji yakishuka yasipate njia ya nyuma. Ubao huo walifunga kwa buloni nene, si kwa misumari.

Msije mkafikiri kwamba mbao za mchanganyiko zimefukuza mti kabisa. Hazina nguvu ya kuwa nguzo wala boriti. Mifupa ya baraza hili jipya ni msonobari uliotiwa dawa, kama mifupa ya lile la zamani, nayo yaweza kuoza ikiachwa katika maji. Dawa ya siku hizi ina shaba nyingi, nayo hula chuma cha kawaida. Kwa hiyo kila buloni, na kila kikombe cha chuma kinachoshika mwisho wa boriti, lazima kiwe kimechovywa katika zinki. Juu ya mgongo wa kila boriti walibandika utepe mweusi kama lami, ili maji yanayopita kati ya mbao yasiingie penye misumari.

Mbao za zamani zilirundikwa pembeni. Shemeji, ambaye alikuwa na mawazo mengi kuhusu nyama ya sherehe, alianza kuzikata za kuchomea. Bibi naye alikuwa amekwisha kuchagua nne nzuri za kuzungushia bustani yake ya lengalenga. Mzee jirani aliona, akaja mbio kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Mbao za nyumba zilizotiwa dawa Marekani kabla ya mwaka 2004 mara nyingi zilitiwa dawa ya shaba, kromi na arseniki, na arseniki ni sumu kali. Ukizichoma, sumu hubaki katika majivu na kuruka katika moshi; ukizitia bustanini, yaweza kuingia katika udongo. Tangu mwisho wa mwaka 2003 viwanda viliacha kutia dawa hiyo mbao za nyumba za watu, lakini mabaraza ya zamani bado ni mengi. Basi rundo lote lilipelekwa mahali pa takataka palipoagizwa na mji, na nyama ilichomwa kwa makaa ya dukani. Lengalenga zilizungushiwa mawe yaliyotoka katika mashimo matatu, nayo yalitosha na kubaki.

Siku ya sherehe baraza lilikuwa mifupa mitupu. Mlango wa nyuma ulifungwa na kuwekewa ubao wa kupingia, ili mtoto asije akautoka na kuanguka. Wageni walikaa kwenye majani, juu ya mikeka na viti vya kuazima, na mvua haikunyesha. Wengine waliuliza nyumba inabomolewa kwa nini. Shemeji ndiye aliyewajibu, akawachukua mmoja mmoja chini ya mifupa, akawaonyesha buloni. Wengine hawakutaka kuonyeshwa buloni, lakini walionyeshwa.

Mkaguzi alikuja mara ya pili kutazama mifupa kabla haijafunikwa. Baraza la nyumba ya kukaa, huko Marekani, huhesabiwa kwa kawaida kubeba karibu kilo 195 katika kila mita ya mraba. Kwa hili ni zaidi ya kilo 2,500 za watu na vyakula vyao. Mkaguzi alipima nafasi, akahesabu buloni, akapitisha mkono juu ya bati, akatia sahihi.

Ndipo mbao zenyewe zikafunguliwa, 26, za rangi ya kijivu. Kuzilaza kulichukua siku mbili, kama Shemeji alivyosema tangu mwanzo. Kabla ya hapo walipitisha uzi juu ya boriti zote na kupiga randa iliyozidi, kwani ubao wa mchanganyiko hauna ubishi kama mti: hufuata kila bonde na kila kilima cha boriti, kama nguo inavyofuata mwili. Kila ubao una mfereji ubavuni. Humo huingia kibanio kidogo kinachofungwa kwenye boriti, na kichwa cha msumari hakionekani juu. Kati ya ubao na ubao iliachwa nafasi ya milimita 5. Ncha za mbao hazikubanwa na kitu, kwa sababu mbao hizi hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi kuliko mti. Anayezibana siku ya baridi ataziona zimeinuka siku ya jua. Kila walipokata, walitandika turubai chini. Unga wa mti huoza na kuwa udongo, lakini unga huu una plastiki, ungebaki katika lengalenga milele.

Mwisho ulikuwa ukingo, kwenda juu sentimita 91, na fito zake zikakaribiana kiasi kwamba kitu chenye upana wa sentimita 10 kisipenye. Kipimo hicho kimetolewa kwa ajili ya vichwa vya watoto.

Siku ya kwanza ya jua kali, mwezi wa saba, Bibi alitoka bila viatu, akarudi upesi zaidi ya umri wake. Mbao za mchanganyiko hushika joto kuliko mti, na hilo muuzaji alikuwa amelitaja kwa sauti ndogo. Bibi alitandika mkeka toka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, na mkeka huo upo mpaka leo kila siku ya jua. Vibanzi havipo tena. Kupaka mafuta hakupo. Maji ya sabuni na ufagio mara mbili kwa mwaka, yatosha. Na theluji husukumwa kwa koleo la plastiki, kufuata urefu wa mbao.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika, mvua ile baridi inayotangulia theluji. Usiku wa tatu mwenye nyumba alirudi kutoka kazini karibu na alfajiri. Kabla ya kuingia ndani alizunguka nyuma ya nyumba, akawasha taa, akainama chini ya baraza. Alimulika ubao wa ukutani toka mwanzo mpaka mwisho, akapitisha vidole chini ya bati. Kulikuwa kukavu. Shemeji, aliyelala kwao usiku huo, alisikia mtu huko chini, akafungua dirisha akauliza ni nani.

"Ni mimi, Shemeji. Lala."

"Kukoje huko?"

"Kukavu."

Shemeji akafunga dirisha.